Barua ya wazi kwa watunzaji wa filamu na kanda zetu: yaliyompata Theda Bara yasiwapate waigizaji wetu

Kwa wakuu wa hifadhi za nyaraka, mashirika ya utangazaji na kampuni za filamu za Tanzania na Kenya.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Tanga, ambako kwa miaka mingi nimekuwa nikijipatia riziki kwa kuhamisha kanda za zamani na kuziweka katika mfumo wa kidijitali. Watu huniletea mikanda ya harusi, ya maulidi, ya mahafali, na ya wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Kabla sijauingiza mkanda kwenye deki huuinamisha kwanza chini ya taa na kuuangalia ukingoni, kwa maana ukungu mweupe ukishaingia kwenye deki hauharibu mkanda huo peke yake, huharibu na ule utakaofuata. Kazi hii imenifundisha kuogopa stoo zenye joto na unyevu kuliko ninavyomwogopa mwizi. Hata hivyo, kilichonisukuma kushika kalamu safari hii ni maisha ya Theda Bara, mwigizaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1955, na ninaomba mnivumilie niyaeleze kwa kirefu kabla sijafika kwenye ombi langu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Theodosia Burr Goodman. Alizaliwa tarehe 29 Julai 1885 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, binti wa fundi cherehani Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Poland na mama mzaliwa wa Uswisi. Alisoma chuo kikuu cha mjini kwao kwa miaka miwili, kisha akaenda New York kutafuta nafasi kwenye majukwaa ya tamthilia, na mpaka anakaribia umri wa miaka 30 hakuwa na jina lolote la kumtambulisha. Mwaka 1915, enzi za sinema bubu, William Fox, mwenye kampuni ya filamu, alimpa nafasi ya mwanamke anayemnasa mwanamume mwenye mke na mtoto, akamfilisi mali, heshima na akili, kisha akamwacha. Filamu hiyo, A Fool There Was, ilitokana na tamthilia ambayo nayo ilichota kutoka katika shairi la Rudyard Kipling kuhusu mwanamke mnyonya damu. Sisi watu wa pwani tungesema mumiani, isipokuwa mumiani huyu hakunyonya damu kwa sindano gizani, aliinyonya kwa macho, mchana kweupe, mbele ya watu. Filamu ilimletea Fox fedha nyingi katika miaka ya mwanzo kabisa ya kampuni yake, na binti wa fundi cherehani akawa mmoja wa watu mashuhuri kuliko wote katika nchi yake.

Kampuni haikuridhika na mwigizaji hodari. Ilitaka mtu wa ajabu. Maofisa wake wa matangazo wakawaambia waandishi wa habari kwamba Theda Bara amezaliwa katika jangwa la Sahara, kwamba ana damu ya Kiarabu na ya Kifaransa, na kwamba ukizipanga upya herufi za jina lake kwa Kiingereza utapata maneno yenye maana ya kifo cha Mwarabu. Ukweli ni kwamba Theda ni kifupi cha Theodosia, na Bara limekatwa kutoka katika jina la ukoo wa upande wa mama yake. Wakampiga picha akiwa na fuvu na mifupa ya binadamu. Husimuliwa kwamba mwanzoni mwa mwaka 1915 walimkalisha katika chumba cha hoteli mjini Chicago, madirisha yamefungwa, mapazia yamening'inia kila upande, naye amevalishwa nguo nzito za kifahari, akajibu maswali ya waandishi kwa sauti ya chini kama mgeni aliyetoka mbali. Waandishi walipokwisha kuondoka alikimbilia dirishani, akalifungua kwa nguvu, akaomba hewa. Kila nikikumbuka kisa hicho humwona mtu mwenye joto na uchovu ndani ya mavazi ambayo hakuyachagua, na huona jinsi hadithi iliyotungwa ofisini inavyoweza kumfunika mtu aliyeko ndani yake.

Inaniumiza kwamba bara letu ndilo lililotumika kumtungia ugeni huo. Sahara na Misri ziligeuzwa mapambo ya duka, na mwanamke ambaye hakuwa na undugu wowote na Afrika akauzwa kama zao la mchanga wake. Yeye mwenyewe alijua, na hakupenda kubanwa katika sura moja. Ndani ya miaka minne na ushei, kuanzia 1915 hadi 1919, alifanya karibu filamu 40 kwa Fox, na ndani yake hakuwa mumiani kila mara. Alikuwa Juliet mwaka 1916. Alikuwa Carmen, alikuwa Esmeralda wa Paris, alikuwa mwanamke mgonjwa wa kifua anayekufa kwa mapenzi katika Camille. Mwaka 1917 alikuwa Cleopatra, katika filamu ya zaidi ya saa mbili iliyoongozwa na J. Gordon Edwards, ambayo kwa wakati ule ilikuwa miongoni mwa kazi kubwa na za gharama kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Marekani, na mavazi yake yaliwasumbua wakaguzi wa maadili wa Chicago hadi wakatia mkasi.

Mwaka 1919 aliigiza msichana wa kijijini wa Ireland katika Kathleen Mavourneen, sehemu ya upole isiyokuwa na chembe ya unyonyaji damu. Baadhi ya Waamerika wenye asili ya Ireland walikasirika kwamba mwanamke Myahudi, tena anayejulikana kwa sehemu za ufuska, anamwigiza binti wa kwao, na kukazuka vurugu katika majumba ya sinema. Mkataba wake na Fox ukaisha mwaka huohuo. Mwaka 1920 alipanda jukwaani Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya tamthilia mjini New York. Wahakiki walimcheka, watu wakajaa ukumbini hata hivyo. Mwaka 1921 akaolewa na mwongozaji Charles Brabin, mzaliwa wa Uingereza, akaishi naye mpaka mwisho wa maisha yake. Baada ya ndoa alirudi mbele ya kamera mara chache tu, ya mwisho mwaka 1926. Hakuwahi kusikika akizungumza katika filamu ya sauti.

Nafika sasa kwenye usiku wa tarehe 9 Julai 1937. Kampuni, ambayo wakati huo ilikwisha kuungana na nyingine na kuitwa 20th Century-Fox, ilikuwa imeweka filamu zake za zamani katika ghala moja mjini Little Ferry, jimbo la New Jersey. Jengo lilikuwa la matofali na zege, lenye vyumba vyenye milango ya chuma, na lilijengwa kwa makusudi ya kutoshika moto. Halikuwa na mfumo wa kunyunyiza maji wala mitambo ya kupitisha hewa. Filamu za wakati ule zilitengenezwa kwa selulosi ya naitreti, kitu ambacho kadiri kinavyozeeka na kupata joto ndivyo kinavyotoa gesi, na kikishawaka hakihitaji hewa ya nje kwa kuwa oksijeni kinayo ndani yake, kiasi kwamba huendelea kuungua hata kikizamishwa majini. Siku hizo za Julai kulikuwa na joto kali mfululizo. Gesi ilijikusanya, kikalipuka chumba kimoja, kisha cha pili, na moto ukarukia nyumba za majirani. Mtoto wa miaka 13 alipoteza maisha. Zaidi ya reli 40,000 za filamu, yaani magurudumu yaliyozungushiwa filamu, ziliteketea, na humo ndani zilikuwemo nakala za asili za sehemu kubwa sana ya kazi zote za Fox za enzi ya sinema bubu.

Mabaki yalizolewa kwa malori na kupelekwa kuchujwa, kwa sababu filamu ina madini ya fedha ndani yake. Juliet, Carmen na Cleopatra wa Theda Bara walipimwa kwa senti chache za fedha kwa kila kopo. Yeye alikuwa hai, ana umri wa miaka 51.

Leo filamu zake zilizobaki nzima hazizidi sita. Za Cleopatra tunazo picha za mnato kwa wingi, na vipande vya sekunde chache vya filamu yenyewe. Ile ya kwanza, ya mwanamke mnyonya damu, imesalimika, na mwaka 2015 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani. Waheshimiwa, tazameni matokeo yake. Mwanamke aliyetumia miaka yake akisema kwamba yeye ni zaidi ya mumiani ameachiwa na historia filamu ya umumiani, picha za fuvu na mifupa, na uongo wa maofisa wa matangazo. Ushahidi wake wa utetezi umeungua. Ukiniuliza kama alikuwa Juliet mzuri siwezi kukujibu, na hakuna mtu aliye hai anayeweza. Wanaomdharau wanamdharau bila kuona, na wanaomsifu, nikiwemo mimi, tunasifu kwa kukisia kutoka katika picha ambazo hazitembei.

Si yeye peke yake. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2013 ulioonyesha kwamba kati ya filamu ndefu za sinema bubu karibu 11,000 zilizotolewa na kampuni za Marekani kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizopo katika umbo lake la awali, na asilimia 70 hivi hazipo kabisa. Hizo zinazopatikana, nyingi ziliokolewa na nakala iliyotoka nje ya mikono ya mwenye mali. Mwaka 1978, katika mji mdogo wa Dawson kule Yukon, Kanada, mafundi waliokuwa wakichimba walikuta reli zaidi ya 500 za sinema bubu zimefukiwa ardhini kujazia bwawa la kuogelea la zamani. Dawson ulikuwa mwisho wa njia ya usambazaji na hakuna aliyetaka kulipia gharama za kuzirudisha, basi zikabaki, na baridi ya ardhi ikazitunza. Ghala la mwenye mali liliungua. Nakala iliyosahauliwa ugenini ndiyo iliyopona. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi kwa sababu nasi tunaweka kila tulicho nacho kwa mwenye mali mmoja, katika jengo moja, na mara nyingi katika nakala moja.

Hapa naomba niseme la nyumbani kwetu. Marehemu shangazi yangu, dada wa baba, aliigiza katika miaka ya sabini kwenye filamu fupi ya milimita 16, sehemu ya mwanamke anayevunja ndoa ya jirani yake. Ilionyeshwa viwanjani kwa gari la sinema, na watu walipiga kelele za kumlaani kwenye kitambaa cheupe. Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Sokoni aliitwa kwa jina la yule mwanamke wa kwenye filamu, babu alikaa muda mrefu bila kusema naye, na mpaka anazeeka kulikuwa na watu mtaani walioamini kwamba mambo yale aliyatenda kweli. Yeye alikuwa akituambia sisi watoto kwamba mwishoni mwa filamu kuna mahali anakaa peke yake kizingitini, anafunua kanga usoni, na kwamba mwongozaji alimwambia asilie, atazame tu. "Mngeniona hapo," alikuwa akisema, "mngejua mimi nilikuwa nafanya kazi."

Nilikwenda kumtafuta. Ofisi siitaji, na sina nia ya kumchongea mtu, kwa sababu karani aliyenipokea alikuwa muungwana na alinifungulia stoo kwa funguo zake mwenyewe. Mlango ulipofunguka nilisikia harufu ya siki kabla sijaona chochote. Kwa asiyejua, filamu zilizokuja baada ya zile za naitreti zilitengenezwa kwa asetati, ambayo hailipuki. Hii huoza, na inapooza hutoa tindikali yenye harufu ya siki, na mvuke wa kopo moja lililoharibika huyaambukiza makopo yaliyo jirani. Tulikuta kopo lenye kutu lililoandikwa kwa rangi jina la filamu ya shangazi. Kifuniko tulikitoa kwa bisibisi. Ndani, filamu ilikuwa imesinyaa na kujikunja mithili ya jani la mgomba lililokauka, mizunguko ya nje imegandamana ikawa gogo moja, na juu yake kulikuwa na unga mweupe ulionibaki vidoleni. Nilikinga kipande kidogo kilichobanduka kwenye mwanga wa mlango. Niliona ukuta wa nyumba na kivuli cha mtu. Sikuweza kujua kama ni yeye.

Shangazi alifariki bila kuiona filamu hiyo tena, na sisi tunaoishi tumebaki na maneno ya sokoni. Ndiyo maana niliposoma habari za Theda Bara sikuzisoma kama habari za watu wa mbali.

Na kabla ya filamu ya shangazi kulikuwa na nyingine ambazo wengi wetu hatuzijui. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, si mbali na hapa nilipo, palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu za elimu kwa Waafrika, mradi wa Waingereza uliogharamiwa na mfuko wa Carnegie wa Marekani. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35. Zilikuwa bubu, maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine na kuchezwa pembeni wakati picha inatembea, na gari la sinema lilizizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Ulikuwa mradi wa kikoloni wenye dharau zake, na sisemi hivi ili kuusifu. Lakini walioigiza humo ni watu wetu: wanawake kwa wanaume, mbele ya kamera, katika miaka ileile ambayo ghala la Little Ferry liliungua. Zilizobaki zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ziko Uingereza. Majina ya wanawake wale nimeyatafuta na sijayapata.

Ombi langu, waheshimiwa, linaanza na daftari. Kabla ya kununua mashine yoyote ya gharama, mtu mmoja aingie kila stoo na kuandika kilichomo: kopo kwa kopo, mkanda kwa mkanda, jina, mwaka, hali, na kama kuna harufu ya siki au ukungu. Kazi hiyo inahitaji kalamu, barakoa na subira. Makopo yanayonuka yatengwe siku hiyohiyo na kuwekwa mahali penye hewa, maana kila mwezi yakikaa na yale mazima tunapoteza mara mbili. Kisha yaliyo mazima yahamishiwe chumba chenye baridi na ukavu. Hata chumba kimoja chenye kiyoyozi kisichozimwa wikendi kitaongeza miaka mingi ya maisha yake.

Pia nawasihi amri itoke kwa maandishi kwamba hakuna mkanda utakaorekodiwa juu yake kitu kingine bila mtu kusaini. Najua ilivyokuwa: kanda zilikuwa ghali, fedha za kigeni hazikuwepo, na mchezo wa juzi ulifutwa ili taarifa ya habari ya leo ipate nafasi. Sihukumu waliofanya hivyo wakati wa dhiki. Ila leo dhiki hiyo haipo, na bado nasikia kwa wateja wangu kwamba kanda zinauzwa kwa kilo.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko mengine ni nakala. Nakala ya kila kazi ikae mji mwingine, na taasisi nyingine. Ya Dar es Salaam ikae Dodoma au Zanzibar, ya Nairobi ikae Mombasa. Msiogope kuazimana. Mkiona haki miliki inawazuia, wekeni masharti ya kutunza bila kuonyesha, lakini msiache kitu pekee kikae mahali pekee. Fox nao waliliamini jengo lao.

Na mtakapoandika daftari hilo, andikeni majina ya waigizaji. Wazee wetu walioigiza miaka ya sitini na sabini wengine bado wapo, wanaweza kuketi mbele ya picha na kusema huyu ni fulani, huyu ni mke wa fulani, hapa tulikuwa Pangani. Waiteni sasa, muwalipe nauli, muwape chai, muwasikilize. Mimi kwa upande wangu ninazo deki tatu zinazofanya kazi, ya nne ninaitengeneza, na niko tayari kuja popote mtakaponiita na kuwahamishia kanda 50 za mwanzo bila malipo.

Kopo la shangazi bado liko kwenye rafu ya chini, la tatu kutoka mlangoni, upande wa kushoto. Karani aliniambia kwamba katika usafi ujao vitu vilivyoharibika vitatupwa. Naomba lisitupwe. Mizunguko ya nje imekwisha, lakini katikati ya reli mara nyingi huwa pamesalimika kidogo, na filamu hukunjwa mwanzo ukiwa nje na mwisho ukiwa ndani, karibu na kitovu. Kizingiti anachokaa kiko mwishoni.

Wenu katika kazi,
Mhamishaji wa kanda, Tanga